"Mfumo umegoma": namna ya kumfuata mgonjwa mmoja hadi ulipo ubovu

Mwongozo huu nimewaandikia wenzangu wa vitengo vya TEHAMA katika hospitali na vituo vya afya vya umma mkoani Tanga, hasa ninyi mnaopokea matatizo ambayo dawati la kwanza limeshindwa kuyamaliza. Nimeupanga kwa malalamiko kuhusu mfumo wa kompyuta wa kuhudumia wagonjwa, kama yanavyofika kwenye simu, kwa maneno ya wanaopiga. Muuguzi wa Pangani hatakwambia kwamba hifadhidata imeishiwa miunganisho. Atakwambia mfumo umegoma.

Kauli hiyo peke yake haitoshi kuanza kazi. Kabla ya kugusa chochote, mwombe aliyepiga akupe mgonjwa mmoja: namba ya faili, dirisha alilokwamia, na maneno yaliyoandikwa kwenye skrini. Kisha mfuate mgonjwa huyo kutoka mapokezi, malipo, chumba cha daktari, maabara hadi famasi, ukitazama kila hatua imeacha alama gani kwenye mfumo. Pale alama sahihi zinapokoma ndipo pa kuanzia kutafuta.

"Shikamoo kaka, huku mfumo umegoma."

"Marahaba dada, pole. Mgonjwa uliye naye sasa hivi amefika wapi?"

"Ameshamwona daktari. Dawa zake hazionekani famasi."

"Na aliyemtangulia, zake zilionekana?"

"Zilionekana, ameshaondoka nazo."

Kwa maswali mawili tu umeshajua kwamba seva iko hai, mtandao wa famasi uko hai, na shida iko kwenye agizo la mgonjwa mmoja au akaunti ya daktari mmoja. Mtu aliyekimbilia kuwasha seva upya angewakatisha kazi watu wa hospitali nzima.

Kuna swali moja linalotangulia hata hilo: je, yuko mgonjwa anayeweza kudhurika tukiendelea kutafuta? Kama simu imetoka wodi ya wazazi, chumba cha upasuaji au mapokezi ya dharura, waambie waanze karatasi papo hapo, halafu ndipo utafute chanzo. Fomu za karatasi zikae wodini tayari, zikiwa na namba za muda zilizochapwa mapema. Kama fomu zimefungiwa kwenye kabati la ofisini na mwenye ufunguo yuko safarini Korogwe, hesabu kwamba hamna fomu.

"Mfumo umegoma kabisa, haufunguki"

Waulize wa dirisha la jirani.

Ikiwa ni kompyuta moja tu, angalia waya, kisha angalia tarehe. Ile betri ya duara ya CR2032 iliyo ndani ya kompyuta ikifa, mashine ikikosa umeme usiku huamka na tarehe ya miaka ya nyuma. Kivinjari kinakataa kufungua mfumo na kudai muunganisho si salama, kwa kuwa kwa tarehe hiyo cheti cha usalama cha seva bado hakijaanza kutumika. Mtumiaji anaona onyo jekundu na kuamini mfumo umedukuliwa. Rekebisha tarehe, ukurasa utafunguka. Badilisha na betri siku hiyohiyo, la sivyo kesho asubuhi utaitwa tena.

Ikiwa ni jengo zima, nenda kwenye swichi, kile kisanduku kinachounganisha nyaya za mtandao za jengo. Tanga mjini, Pangani na Mkinga tuna adui ambaye wenzetu wa Handeni hawamjui sana: hewa ya bahari yenye chumvi. Dalili yake ni mtandao unaokuja na kupotea huku taa ya swichi ikiwaka kijani bila wasiwasi. Chomoa kichwa cha waya ukitazame kwenye mwanga. Vile vipande vinane vya rangi ya dhahabu vikiwa na ukungu wa kijani, usihangaike kuvisafisha: kata, funga kichwa kipya, na uihamishe swichi mbali na dirisha linaloachwa wazi.

Ikiwa ni hospitali nzima, jaribu kuifungua seva kwa namba yake ya IP badala ya jina. Ikifunguka kwa namba, seva ni nzima na ubovu uko kwenye DNS, huduma inayogeuza jina kuwa namba. Isipofunguka, ingia kwenye seva yenyewe na utazame diski kwanza. Diski iliyojaa ni chanzo cha kawaida mno, na mara nyingi kilichoijaza ni mafaili ya kumbukumbu za mfumo ambayo hakuna aliyepanga yafutwe. Hamisha au futa yale ya zamani ya programu. Mafaili ya kumbukumbu ya hifadhidata yenyewe usiyaguse hata kama ni makubwa kiasi gani, kwa sababu humo ndimo yalimo mabadiliko ambayo bado hayajaandikwa mahali pake.

Hili linakuwa la hatari zaidi umeme unapokatika ghafla na UPS, betri ya akiba ya seva, ikashindwa. Seva ikirudi, hifadhidata hujikarabati yenyewe kwa kuyapitia upya mabadiliko hayo, na kazi hiyo inaweza kuchukua muda. Foleni inapiga kelele, mganga mfawidhi anapiga simu, na kidole kinatamani kuzima seva na kuiwasha tena. Ukifanya hivyo, ukarabati unaanza mwanzo. Soma kumbukumbu za hifadhidata; maadamu zinasonga, subiri, na wewe mwenyewe nenda ukawaambie watu wa mapokezi kinachoendelea. Wakikuona umesimama mbele yao wanapata subira ambayo simu haiwapi.

"Mgonjwa amelipa, mfumo unasema bado"

Hili ndilo linaloumiza zaidi, kwa sababu mtu ametoa fedha yake, ana ujumbe kwenye simu, na bado anaambiwa akae pembeni. Ili kulitatua lazima ujue safari ya bili. Mfumo wa hospitali hutengeneza bili na kuituma GePG, mfumo wa serikali wa kukusanya malipo. GePG kwanza hujibu kwamba imepokea. Kontrol namba yenyewe, ile ambayo mgonjwa huitumia kulipia, huja baadaye, kwa ujumbe mwingine. Mgonjwa akishalipa kwa simu, benki au wakala, GePG hutuma ujumbe mwingine tena kuitaarifu hospitali. Kila ujumbe umetiwa saini ya kidijitali. Kwa hiyo zipo sehemu kadhaa za kukatikia, na kila moja ina dalili yake.

Kontrol namba haitoki kwa mtu yeyote: angalia kama seva inatoka nje kwenye intaneti, kama saa ya seva ni sahihi, na kama cheti cha saini hakijaisha muda. Cheti kina tarehe ya mwisho inayojulikana tangu siku kilipotolewa. Iandike kwenye kalenda ya ukutani, mwezi mmoja kabla, mahali ambapo hata mwenzako ataiona.

Kontrol namba haitoki kwa mtu mmoja tu: soma bili yake. Kiasi ni sifuri? Namba ya simu ina tarakimu pungufu? Jina la huduma lina alama ya "&", kama "Kinywa & Meno"? Ujumbe wa XML, muundo wa maandishi ambao bili husafiria, ukiandaliwa bila uangalifu huvunjika kwa alama hiyo moja. Badilisha kuwa "Kinywa na Meno" kwenye orodha ya huduma, kisha waeleze watengenezaji wa mfumo warekebishe mzizi wake.

Amelipa na hajaonekana: mwombe kwa heshima uione meseji yake. Linganisha kontrol namba ya kwenye simu na ya kwenye bili, tarakimu kwa tarakimu. Mara nyingi utakuta keshia alifuta bili na kutengeneza nyingine baada ya daktari kuongeza kipimo, na mgonjwa akalipia ile ya kwanza. Zikilingana, tafuta kwenye seva kama ujumbe wa malipo uliingia. Ulioingia ukashindwa kusomwa unaweza kuamriwa usomwe upya. Usipoukuta kabisa, basi ni wa kutafutwa kwenye usuluhishi wa malipo ya siku, yaani kulinganisha malipo ya GePG na ya hospitali.

Hapa kuna kishawishi kikubwa, nami nawasihi mkikatae: kuingia kwenye hifadhidata na kuiandika bili "imelipwa" kwa mkono. Unamsaidia mgonjwa mmoja kwa dakika tano, lakini ujumbe halisi ukifika baadaye unakuta bili imefungwa na fedha inaning'inia bila mwenyewe, na mkaguzi anakuta bili iliyolipwa isiyo na risiti. Mganga mfawidhi ana mamlaka ya kuandika kibali huduma iendelee huku malipo yakifuatiliwa. Mpelekee hoja ukiwa na namba ya bili mkononi. Mgonjwa atapata dawa leo, na hesabu itabaki safi.

Mtoto wa chini ya miaka 5 au mjamzito akidaiwa fedha ilhali sera inamsamehe, usianze na malipo. Kwa mtoto, tazama tarehe ya kuzaliwa. Mara nyingi mapokezi walikadiria umri na mfumo ukaweka Januari 1 ya mwaka usio wake. Kwa mama, tazama kundi la msamaha lililochaguliwa siku ya kusajiliwa.

"Saa za dawa haziendani"

Muuguzi anatazama chati na kuona dozi ilitolewa saa ambayo yeye hakuwepo zamu. Usipite haraka hapa, maana dozi inayofuata inahesabiwa kutoka hiyo. Pima tofauti kati ya saa ya kweli na saa iliyoandikwa, kwani ukubwa wa tofauti hiyo ndio unaokuonyesha chanzo.

Tofauti ikiwa saa 3 kamili, kosa ni la seva. Imehifadhi muda kwa saa za dunia, UTC, na ukurasa haukuubadilisha kuwa wa Afrika Mashariki. Utaiona kwa watumiaji wote wa sehemu hiyo ya mfumo. Tofauti ikiwa saa 6 kamili, kosa ni la uingizaji: muuguzi alitoa dawa saa 2:15 asubuhi, akaandika 2:15, na kompyuta ikaelewa saa 8:15 usiku. Utaiona kwa mtu mmoja au zamu moja. Tofauti ya saa 12 ni AM na PM. Tofauti ya dakika zisizo na mpangilio ni kompyuta ambayo saa yake inachelewa kwa kuwa hailinganishwi na seva.

Kosa la saa 3 lina mtego mwingine. Mtoto aliyezaliwa saa 7:30 usiku ni wa 01:30 kwa saa za kompyuta. Ukitoa saa 3 unapata 22:30 ya siku iliyotangulia. Tarehe ya kuzaliwa imebadilika, na ikiwa ni tarehe 1, mtoto huyo amehamia ripoti ya mwezi uliopita. Kila mnapobadilisha toleo la mfumo, fungua kumbukumbu za uzazi za kati ya saa 6 na saa 9 usiku na uzilinganishe na daftari la wodi. Ukiwauliza wauguzi, uliza "usiku wa kuamkia siku gani", usiishie kuuliza "usiku wa Ijumaa", kwa sababu kwa wazee wetu wa pwani usiku huo ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa.

Kosa la saa 6 halitibiwi kwa kuwakemea wauguzi. Wanaandika saa kama sisi sote tunavyoisema. Waombe watengenezaji waweke kitufe cha "sasa hivi", na mtu akiandika 2:15 mfumo umwonyeshe kwa maneno: saa 8:15 usiku. Atajirekebisha mwenyewe kabla ya kuhifadhi.

"Mgonjwa hayupo kwenye mfumo, na alikuja mwezi jana"

Yupo. Ameandikwa vingine. Fatuma wa leo ni Fatma wa mwezi jana. Hadija na Khadija, Athumani na Othman, Salehe na Saleh, Mwanaidi na Mwanaid. Mhudumu wa mapokezi akikosa jina anafungua faili jipya kwa nia njema, na historia ya mgonjwa inagawanyika: mzio wa dawa uko faili moja, daktari anasoma jingine.

Majina yenye ng' yana shida yake ya peke yake, na vilevile anwani za watu wa Mng'aro kule Lushoto au Kang'ata ya Handeni. Kibodi ya kompyuta hutoa alama iliyonyooka, simu na tableti nyingi hutoa iliyopinda, na kwa kompyuta hizo ni herufi mbili tofauti, kwa hiyo utafutaji hauoni kitu. Ikiwa mfumo unatoa kosa refu la kutisha kila unapotafuta jina lenye alama hiyo, tatizo ni kubwa kuliko jina: maandishi ya mtumiaji yanapelekwa kwenye hifadhidata bila kukingwa. Hilo ni tundu la usalama. Liripoti siku hiyohiyo.

Wafundisheni mapokezi kutafuta kwa namba ya simu na tarehe ya kuzaliwa kabla ya jina. Kuunganisha mafaili mawili, hata hivyo, iwe kazi ya afisa kumbukumbu za afya pamoja na daktari, kamwe isiwe ya mtu wa TEHAMA peke yake. Fikirieni pacha: Hasani na Huseini wa nyumba moja wana tarehe moja ya kuzaliwa, baba mmoja na simu moja ya mama. Kwa macho ya mfumo ni mtu mmoja aliyeandikwa mara mbili. Ukiwaunganisha, mmoja atapewa dawa za mwenzake.

Namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, husaidia kwa watu wazima. Ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, hivyo unaweza kuzilinganisha na tarehe iliyo kwenye faili. Lakini orodha ikishapitia Excel, tazama mwisho wa namba. Excel hushika tarakimu 15 tu za namba. 5 za mwisho hugeuka sifuri, na ukihifadhi, zimepotea. Orodha ambayo kila namba inaishia 00000 isiingizwe kwenye mfumo. Irudishe ilikotoka, safu ya NIDA ifunguliwe kama maandishi.

"Majibu ya maabara hayarudi"

Anza na sampuli yenyewe. Lebo yake inasomeka? Printa ya lebo yenye kichwa kichafu huacha mistari myeupe kwenye msimbo, na mashine ya kupima inaikataa. Lebo ikiwa nzima, muulize mtaalamu wa maabara kama jibu limehakikiwa. Mara nyingi linasubiri idhini yake kwenye skrini. Kisha angalia kama daktari anatazama hudhurio la leo ilhali kipimo kiliagizwa kwenye la juzi. Mwisho kabisa tazama foleni ya ujumbe kati ya mashine na mfumo: jina la kipimo likibadilishwa upande mmoja tu, majibu yanakaa humo bila pa kwenda.

Majibu yanayochelewa yanasumbua. Jibu moja lililoangukia kwa mgonjwa mwingine ni jambo la kuzima kiunganishi cha mashine na mfumo hapohapo, bila kusubiri kikao, na maabara kurudi kwenye karatasi. Mkuu wa zamu anaweza kukasirika. Zima tu, kisha mpigie mganga mfawidhi, na mpitie kila jibu lililopita tangu la mwisho lililothibitishwa kuwa sahihi.

"Umekuwa mzito"

Uliza saa ngapi. Ukiwa mzito Jumatatu saa 3 hadi saa 5 asubuhi, ni wingi wa watu, au kuna mtu anatoa ripoti ya mwaka mzima kwenye hifadhidata ileile inayohudumia wagonjwa. Ukiwa mzito kila siku saa 2 asubuhi kamili, fungua ratiba ya nakala rudufu (backup). Aliyeipanga alikusudia saa 8 usiku, akaandika 8 kwenye ratiba ya seva badala ya 2.

"Nimeingiza taarifa za mwezi, jedwali tupu"

DHIS2, mfumo wa takwimu unaobeba ripoti zetu za MTUHA (taarifa za uendeshaji wa huduma za afya), huhifadhi namba mara unapoziingiza, lakini chati na majedwali husoma nakala iliyokokotolewa, ambayo huandaliwa kwa ratiba, kwa kawaida usiku. Subiri kesho. Kesho ikifika na bado ni tupu, angalia kituo na mwezi uliochaguliwa.

Kurudi kutoka kwenye karatasi, na kuwaandikia watengenezaji

Mfumo ukirudi, mtu mmoja katika kila idara aingize karatasi, akiandika muda wa tukio na si muda wa kuingiza. Dawa zilizotolewa ziingizwe kabla ya famasi kufanya hesabu ya stoo. Bili ziangaliwe mojamoja ili asidaiwe mtu aliyekwisha kulipa dirishani.

Ripoti kwa watengenezaji isiwe picha ya skrini yenye jina la mgonjwa kwenye kundi la WhatsApp. Taarifa za afya ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na mama aliyepimwa hapa Tanga hakutupa ruhusa ya kumtangaza. Andika hivi:

"Tangu leo 09:10, majibu ya mashine ya damu hayafiki kwenye mfumo. Majibu yanayoingizwa kwa mkono yanafika. La mwisho kufika kutoka kwenye mashine ni la 09:04. Jana jioni jina la kipimo lilibadilishwa upande wa maabara. Maabara inatumia karatasi kwa sasa. Kumbukumbu za seva za 09:00 hadi 09:20 zimeambatishwa, majina yameondolewa."

Wakikutumia toleo lililorekebishwa, liweke kwanza kwenye seva ya majaribio. Seva halisi iguswe jioni baada ya kliniki kufungwa, ukiwa na nakala rudufu ya saa hiyohiyo, na mtaalamu wa maabara aliyekubali kubaki apitishe sampuli moja hadi jibu lake lionekane kwenye skrini ya daktari.